Kutunza barua pepe za zamani katika kompyuta ya parokia

Miaka michache iliyopita kompyuta ya ofisi yetu ilijaa. Kila asubuhi ilitoa onyo kwamba nafasi ya diski inakaribia kwisha, na programu ya barua pepe ilifunguka polepole hata mama katibu alizoea kuiwasha kwanza, kisha akaenda kufagia veranda. Mimi nikajiona mjuzi. Niliingia katika mipangilio ya programu, nikakuta mahali panaposema kwamba barua za zamani zinaweza kufutwa ili kurudisha nafasi, nikachagua zote zilizopita mwaka mmoja, nikafunga. Diski ikapumua, nami nikafurahi.

Baada ya wiki mbili kamati ya ujenzi ikaomba barua ya zamani. Jirani wa kiwanja chetu alikuwa ametuandikia akikubali mpaka uliopimwa, na sasa watoto wake walikuwa wanaukataa. Mama katibu akatafuta asubuhi nzima, halafu akanigeukia: “Baba mchungaji, mbona barua zote za miaka ile hazipo?” Hazikuwa kwenye kompyuta. Hazikuwa kwenye simu yangu. Tulipofungua sanduku letu kwa njia ya intaneti, huko pia hazikuwepo. Ile amri niliyoichagua ilifuta nakala ya kompyuta pamoja na barua zenyewe kule zilikokuwa zinatunzwa. Onyo lilikuwa limeandikwa pale pale kwenye kioo, lakini mimi nilisoma kwa haraka.

Barua ya kiwanja ilipatikana, kwa sababu shemasi mmoja alikuwa ameichapisha na kuiweka ndani ya faili yake ya karatasi. Barua nyingine za miaka minane hazikurudi. Tangu hapo nimejifunza jambo hili kwa utaratibu, na nimelifundisha katika parokia jirani. Ninaliandika hapa ili mwingine asilipe gharama niliyolipa mimi.

Programu tunayoizungumzia

Mwongozo huu unahusu Thunderbird, programu ya bure ya kusoma na kutunza barua pepe ambayo ofisi nyingi za kanisa hutumia. Toleo lake la 1.0 lilitolewa na Mozilla mwezi wa Desemba 2004. Inafanya kazi katika Windows, Linux na Mac. Kwa kuwa wengi wetu tunaitumia kwa Kifaransa, majina ya amri nitayaandika kama yanavyoonekana kwenye kioo.

Faida yake kubwa kwetu ni hii: barua iliyokwisha kuingia kikamilifu ndani ya kompyuta inasomeka hata siku ambayo hakuna mtandao wala pesa ya kununua mega. Lakini faida hiyo ina masharti, na sharti la kwanza ni kujua barua yako inakaa wapi.

Barua yako inakaa wapi?

Kila barua pepe inayotumwa kwako hufika kwanza kwenye seva, yaani kompyuta kubwa ya kampuni inayotunza sanduku lako, ambayo mara nyingi iko nchi ya mbali. Kutoka pale kuna njia mbili za kuileta kwako.

Njia ya kwanza inaitwa POP. Ni kama mtu anayekwenda posta, anachukua barua zake na kurudi nazo nyumbani. Barua huingia kwenye kompyuta yako na kukaa pale. Kutegemea mipangilio, seva inaweza kubaki na nakala, inaweza kubaki nayo kwa siku kadhaa tu, au isibaki na kitu. Kama haibaki na kitu, kompyuta yako ndiyo mahali pekee ulimwenguni ambapo barua ile ipo.

Njia ya pili inaitwa IMAP, iliyobuniwa mwaka wa 1986 na Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Hapa barua inabaki kwenye seva, na kile unachokiona kwenye kompyuta ni kama kioo cha kujitazamia kinachoonyesha mambo ya kule. Ukisoma barua kwenye simu, kompyuta nayo inaonyesha kwamba imesomwa. Ukifuta kwenye kompyuta, inafutika pia kule na kwenye simu. Thunderbird kwa kawaida hujiwekea nakala ya barua za IMAP ili uzisome bila mtandao, lakini nakala hiyo inafuata seva. Kitu kikitoweka kwenye seva, kitatoweka kwako pia mara utakapounganisha mtandao.

Wengi huteleza hapa. Wanaona barua kwenye kompyuta yao, wanasema “ninayo”. Kwa IMAP, bado huna. Unaiona tu.

Ili ujue unatumia njia ipi, fungua “Paramètres des comptes”, chagua akaunti yako, kisha “Paramètres serveur”. Huko juu utaona aina ya seva: IMAP au POP. Fanya hivyo kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Ndani ya mipangilio hiyo hiyo ya akaunti kuna ukurasa unaohusu kulinganisha barua na nafasi ya diski. Ukurasa huo una maamuzi mawili yanayofanana kwa macho na kutofautiana kabisa kwa matokeo. Uamuzi wa kwanza unauliza ni barua za muda gani zihifadhiwe kwenye kompyuta hii. Huo hauna hatari kwa akaunti ya IMAP: ukichagua miezi sita, barua za zamani zaidi zinabaki kwenye seva. Uamuzi wa pili unahusu kufuta barua za zamani moja kwa moja, na huo unafuta hata zile za seva. Ndio ulioniangusha mimi. Uache kwenye chaguo la kutofuta kitu chochote.

Ndani ya diski kuna nini

Thunderbird inaweka mali yake yote katika folda moja inayoitwa profil. Kuipata, fungua menyu ya “Aide”, ingia kwenye “Informations de dépannage”, na huko utakuta kitufe cha kufungua folda ya profil. Katika Windows inakaa ndani ya AppData\Roaming\Thunderbird\Profiles, na katika Linux ndani ya folda iliyofichwa inayoitwa .thunderbird.

Ndani ya profil kuna folda mbili za kuzijua. ImapMail ina nakala za akaunti za IMAP. Mail ina barua za POP pamoja na zile za “Dossiers locaux”, ambazo tutazifikia hivi punde.

Kwa mpangilio wa kawaida, kila folda unayoiona kwenye programu ni faili moja tu ndani ya diski. Barua zote za folda hiyo zimeandikwa humo moja baada ya nyingine, kama daftari la muhtasari wa vikao. Aina hii ya faili inaitwa mbox. Pembeni yake kuna faili ndogo yenye jina lile lile na mwisho wa .msf. Hiyo ni orodha ya yaliyomo, inayosaidia programu kupata barua haraka.

Jambo hili lina matokeo mawili. Kwanza, .msf ikiharibika, kwa mfano kwa sababu ya umeme kukatika, barua zinaweza kuonekana kama zimepotea huku zikiwa bado salama katika faili kubwa. Bonyeza folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua “Propriétés”, kisha “Réparer le dossier”, na orodha itatengenezwa upya. Pili, faili kubwa yenyewe ikiharibika, folda nzima inaingia hatarini. Programu ya kuzuia virusi inayokuta barua moja yenye virusi inaweza kuichukua faili nzima ya “Courrier entrant”. Kwa hiyo usiache barua za miaka kumi zirundikane katika folda moja.

Kuhamishia “Dossiers locaux”

Katika safu ya kushoto ya Thunderbird utaona sehemu iitwayo “Dossiers locaux”. Hiyo haina uhusiano na seva yoyote. Kilichowekwa humo kipo kwenye diski yako tu, hakihesabiwi katika sanduku la intaneti, na hakifutiki mtu anapofuta kitu kwenye simu. Hapa ndipo mahali pa barua za zamani.

Tengeneza humo folda kwa kila mwaka: 2017, 2018, 2019 na kuendelea. Ndani ya kila mwaka unaweza kuongeza folda chache kwa mambo mazito, kama viwanja, shule, wabia na vikao. Usitengeneze nyingi. Folda arobaini zinamchanganya katibu kuliko folda tano.

Kisha fuata mpangilio huu bila kuruka hatua:

1. Chagua barua za mwaka mmoja na uzinakili kwenda folda ya mwaka ule. Nakili, usihamishe. Barua ambazo hazijashuka zote zitashuka sasa, kwa hiyo fanya kazi hii mahali penye mtandao mzuri.

2. Linganisha idadi. Katika “Propriétés” za kila folda utaona kuna barua ngapi.

3. Kata mtandao kabisa, kisha fungua barua kadhaa kutoka folda mpya, hasa zenye picha na karatasi zilizoambatanishwa. Zikifunguka bila mtandao, ujue zipo kweli.

4. Tengeneza nakala ya akiba kwenye diski nyingine, kama nitakavyoeleza chini.

5. Baada ya hayo yote ndipo unaweza kufuta zile za kwenye seva, kama kweli unahitaji nafasi.

Watumiaji wa Gmail waangalie jambo moja zaidi. Folda iitwayo “Tous les messages” ina kila barua iliyoingia na iliyotoka, isipokuwa zile za takataka na za kusumbua. Barua hizo hizo zinaonekana tena katika “Courrier entrant” na folda nyingine, hivyo ukinakili folda zote utajikuta na barua moja mara mbili au tatu.

Thunderbird ina pia amri ya “Archiver”, inayopanga barua kwa mwaka au kwa mwezi yenyewe. Ni nzuri, lakini kwa kawaida inaziweka katika akaunti ile ile, yaani kwenye seva. Ukitaka ziende kwenye diski, ingia katika “Copies et dossiers” ndani ya mipangilio ya akaunti, uchague “Dossiers locaux” kuwa mahali pa hifadhi. Na ukumbuke kwamba amri hii inahamisha, hainakili. Itumie tu ukiwa na nakala ya akiba inayofanywa mara kwa mara.

Kufuta bila kubana hakupunguzi kitu

Mama katibu mmoja aliniambia: “Nimefuta barua elfu mbili, lakini diski haikusogea hata kidogo.” Alikuwa amesema kweli. Unapofuta barua, inakwenda kwanza kwenye “Corbeille”. Hata ukimwaga corbeille, maandishi yanabaki ndani ya faili ya mbox yakiwa na alama tu kwamba yamefutwa, kama mstari uliopigwa kalamu katika daftari. Ukurasa haupungui.

Ili nafasi irudi, lazima ubane folda kwa amri ya “Compacter”. Programu inaandika faili mpya yenye barua zilizobaki tu, kisha inaondoa ile ya zamani. Ndiyo maana kazi hii inahitaji nafasi tupu kwenye diski. Kama folda ni ya giga tatu na diski imebaki na giga moja, futa kwanza video na vitu vingine visivyohitajika.

Usianze kubana huku betri iko chini au umeme unachezacheza. Fanya nakala ya akiba kwanza, hakikisha betri imejaa, kisha acha programu imalize bila kuifunga. Elewa pia kwamba baada ya kubana, barua iliyofutwa kwa makosa haiwezi kuokolewa kutoka katika faili ile.

Kinachojaza diski ni viambatisho

Maneno matupu ya barua ni madogo sana. Barua ya kurasa mbili isiyo na picha haifiki hata sehemu ndogo ya mega moja. Kinachojaza ni picha za sikukuu, ripoti zenye picha, na mabango ya semina yanayotumwa tena na tena.

Kuna na sababu nyingine. Barua pepe zilibuniwa kusafirisha herufi, kwa hiyo picha hugeuzwa kuwa herufi kabla ya kutumwa, na kila sehemu tatu zinakuwa nne. Picha ya mega tatu inachukua zaidi ya mega nne ndani ya sanduku lako. Ukiitoa na kuiweka kama faili ya kawaida, inarudi kwenye ukubwa wake.

Thunderbird inakuruhusu kupanga barua kwa ukubwa. Anza na kubwa ishirini, utashangaa jinsi zinavyobeba mzigo wote. Kwa kila kiambatisho unaweza kuchagua kukihifadhi peke yake, kukifuta na kuiacha barua, au kukitenganisha. Ukitenganisha, faili inawekwa kwenye folda unayoichagua na barua inabaki na kiungo cha kuelekeza huko. Ukibadilisha baadaye jina la folda hiyo au ukaihamisha, kiungo kinakatika. Basi chagua folda moja ya kudumu, uipe jina lililo wazi, na uinakili kila mara pamoja na barua.

Barua za viwanja, mikataba na ripoti za fedha usizitenganishe. Acha karatasi ndani ya bahasha yake. Siku ya mabishano, barua iliyo nzima, yenye tarehe, mtumaji na kiambatisho chake, ina uzito kuliko faili iliyobaki peke yake.

Nakala moja haitoshi

Ukihamishia barua kwenye “Dossiers locaux” na kuzifuta kwenye seva, umeondoa hatari moja na kujiletea nyingine. Sasa kila kitu kiko ndani ya mashine moja, na mashine inaibiwa, inaanguka, inaungua. Sisi wa Goma tunajua. Nyiragongo ilimwaga moto tarehe 17 Januari 2002 ukapita katikati ya mji, ikamwaga tena tarehe 22 Mei 2021. Na tunajua pia kukimbia vita usiku, mtu amebeba mtoto mgongoni na godoro kichwani. Hakuna anayerudi kuchukua kompyuta ya ofisi.

Kwa hiyo weka nakala tatu: moja kwenye kompyuta, ya pili kwenye diski ya nje ndani ya kanisa au ofisi, na ya tatu mbali, katika mji mwingine kama inawezekana, kwa mfano kwenye ofisi ya jimbo au kwa ndugu anayeaminiwa na baraza.

Kunakili ni rahisi. Funga Thunderbird kabisa, kwa sababu ukinakili ikiwa wazi unaweza kuchukua faili iliyoandikwa nusu. Fungua mahali ilipo profil, nakili folda nzima kwenda diski ya nje, uiandikie tarehe. Matoleo mapya ya Thunderbird yana pia amri ya “Exporter” katika menyu ya “Outils”, lakini haifai kwa profil kubwa. Kunakili kwa mkono ndiyo njia ya uhakika.

Hapa kuna mtego mmoja. Kle nyingi za USB zimeandaliwa kwa mtindo wa zamani uitwao FAT32, ambao haupokei faili moja inayofikia giga 4, hata kama kle yenyewe ni ya giga 64. Ukiona ujumbe kwamba faili ni kubwa mno wakati kle iko tupu, sababu ndiyo hiyo. Andaa kle kwa mtindo wa exFAT, ukijua kwamba kuiandaa upya kunafuta vilivyomo. Afadhali pia kugawa barua kwa miaka, ili folda yoyote isikaribie ukubwa huo.

Nakala ambayo haijajaribiwa haihesabiwi. Mara moja kwa mwaka chukua kompyuta nyingine yenye Thunderbird, ifunge programu, kisha chukua faili ya mwaka mmoja kutoka kwenye diski ya akiba, ile isiyo na mwisho wa .msf, uiweke ndani ya Mail, katika folda ya Local Folders. Ukifungua programu, mwaka ule utaonekana chini ya “Dossiers locaux”. Fungua barua tatu au nne. Zikisomeka, una akiba. Baada ya jaribio, ziondoe kwenye mashine hiyo kama si ya ofisi.

Siri za watu

Sanduku la mchungaji si la viwanja na ripoti tu. Kuna mwanamke aliyeandika juu ya mambo ya ndoa yake, kijana aliyeungama jambo, mama aliyefanyiwa ubaya porini na kuomba ushauri. Waliandika wakijua wanaandikia mtu mmoja.

Faili ya mbox haina kufuli. Mtu yeyote atakayepata kompyuta au diski yako ya akiba anaweza kuifungua kwa programu ya kawaida ya maandishi na kusoma sehemu kubwa ya yaliyomo. Lile “mot de passe principal” la Thunderbird linalinda maneno ya siri yaliyohifadhiwa, halifungi barua. Kinachofunga barua ni kufunga diski yenyewe. Baadhi ya matoleo ya Windows yana BitLocker, na VeraCrypt ni programu ya bure inayofanya kazi hiyo katika Windows, Linux na Mac. Lakini ukisahau neno la siri la diski iliyofungwa hivyo, hakuna atakayekufungulia. Liandike kwenye karatasi, utie ndani ya bahasha, ukabidhi kwa mtu ambaye baraza limemchagua.

Barua nyingine hazistahili kutunzwa. Mtu aliyekuandikia siri yake miaka kumi iliyopita, na jambo likaisha, hana haja barua yake ibaki ikisubiri mwizi. Zitenge barua za namna hiyo kabla ya kuhifadhi, uzifute, umwage corbeille, ubane folda. Na usisahau kwamba zipo pia katika nakala za akiba za zamani. Sheria ya nchi yetu kuhusu mambo ya kidijitali, Ordonansi-Sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inagusa ulinzi wa habari za watu binafsi. Lakini hata bila sheria, mchungaji anajua deni lake.

Mchungaji anapohamishwa

Hasara nyingi nilizoziona hazikuletwa na moto wala wizi. Zililetwa na uhamisho. Mchungaji anatumia anwani yake binafsi kwa kazi ya parokia kwa miaka sita, anahamishwa, na barua zote za miaka ile zinaondoka naye. Mgeni anaanza na meza tupu, akiwauliza wabia mambo waliyokwisha kujibu.

Parokia iwe na anwani yake, yenye jina la parokia na si la mtu. Anayeondoka amkabidhi anayeingia neno la siri, ambalo litabadilishwa siku ile ile, pamoja na diski ya akiba na karatasi inayoonyesha folda zipi zina nini. Makabidhiano haya yaandikwe kama yale ya funguo na daftari la fedha. Anwani isiyotumika isiachwe tu: tangu Desemba 2023 Google inaweza kufuta akaunti ya mtu binafsi isiyotumiwa kwa miaka miwili, pamoja na yote yaliyomo.

Ratiba fupi ya ofisi

Kila wiki: futa matangazo na barua zisizo na maana, umwage corbeille.

Kila mwezi: nakili profil kwenye diski ya nje, Thunderbird ikiwa imefungwa. Baada ya hapo bana folda.

Kila mwezi wa Januari: nakili barua za mwaka uliopita kwenda “Dossiers locaux”, hesabu, jaribu bila mtandao, peleka nakala ya tatu mahali pa mbali.

Kila uhamisho: kabidhi anwani, diski na karatasi mbele ya mashahidi.

Katika Yeremia sura ya 32 tunamkuta nabii akinunua shamba la Anathothi wakati Yerusalemu imezingirwa na jeshi. Mtu mwingine angesema hati zina faida gani sasa. Yeye alitengeneza hati mbili, moja iliyotiwa muhuri na nyingine iliyo wazi, akamwagiza Baruku aziweke zote mbili ndani ya chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi. Alifanya hivyo kwa ajili ya watu ambao wangerudi baadaye na kuuliza shamba ni la nani.

Mwaka jana watoto wa jirani yetu walikuja tena ofisini. Tulifungua diski ya akiba, katika folda ya viwanja, tukawaonyesha barua ya baba yao tuliyoipiga picha kutoka kwenye faili ya shemasi. Walisoma pamoja, kimya. Yule mkubwa akaomba apewe nakala, kwa sababu wao nyumbani hawakuwa na maandishi mengine ya baba yao.